Mwalimu Anajibu: Gouri Amma wa Kerala, waziri aliyeanza kwa kuzuia watu wasifukuzwe

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka thelathini na moja, mkazi wa Ganda, na nimeamua kuwania uwakilishi wadi uchaguzi ujao. Wazazi wangu wapo pale pale nilipozaliwa, na hadi leo hatuna hati ya ardhi. Juzi nilisoma kipande kifupi kuhusu mwanasiasa wa India aitwaye K. R. Gouri, kwamba aliwapa maskwota ardhi katika jimbo la Kerala. Alikuwa nani hasa? Aliifanyaje kazi hiyo? Na mbona hakuwa waziri kiongozi wa jimbo lake? Tafadhali usinifiche kitu. (Msomaji, Ganda)

Jibu: Marahaba mwanangu, Mungu akutilie nguvu katika safari hiyo. Umeniuliza habari za mtu ambaye habari zake nilizifundisha darasani miaka mingi hata pale silabasi ilipokuwa haimtaji, kwa hivyo vumilia nikichukua nafasi kubwa.

Gouri alizaliwa Julai 1919 katika kijiji cha Pattanakkad, karibu na mji wa Cherthala, akafariki Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 101. Watu wa kwao walimwita Gouri Amma, kama sisi tunavyomwita mtu mzima Mama Fulani. Kerala ni pwani ya minazi, mito na mikono ya bahari inayoingia bara. Sisi wa Malindi hatukuanza kuisikia leo: merikebu za Vasco da Gama zilipong'oa nanga hapa Aprili 1498, zikiwa na rubani aliyepewa na mfalme wetu, zilikwenda kufikia karibu na Calicut, na mji huo uko Kerala.

Kwao walikuwa Waezhava, jamii iliyohesabiwa ya chini katika mpangilio wa matabaka ya Kihindi, wengi wao wagema na wakulima wa mashamba ya kukodi. Babake alijiweza kidogo, akamsomesha. Gouri akafika hadi shahada ya sheria, jambo ambalo hakuna mwanamke wa jamii yake aliyekuwa amelifanya kabla yake. Angeweza kufungua ofisi akala kwa utulivu. Lakini kaka yake alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na eneo lao la Alappuzha ndilo lililokuwa kitovu cha kazi ya usumba. Wewe wa Ganda unajua makumbi yanavyonuka yakishaoza majini. Wanawake wa Alappuzha waliyaloweka kwa miezi kwenye maji ya chumvi, wakayatoa, wakayaponda kwa vijiti vya mbao siku nzima wakiwa wamechutama, halafu wakasokota kamba iliyowatajirisha watu wengine. Hao ndio waliompeleka Gouri kwenye Chama cha Kikomunisti mwishoni mwa miaka ya 1940. Alifungwa jela, akapigwa vibaya mikononi mwa polisi. Mwaka 1952 alichaguliwa kuingia katika bunge la Travancore-Cochin, jimbo lililotangulia Kerala, akarudishwa tena 1954.

Kerala yenyewe iliundwa tarehe 1 Novemba 1956 kwa kuunganisha maeneo ya watu wanaosema Kimalayalam. Uchaguzi wa kwanza ukaja mapema 1957. Wakomunisti walipata viti 60 kati ya 126, wakaungwa mkono na wabunge huru wachache, na E. M. S. Namboodiripad akawa waziri kiongozi. Baraza liliapishwa tarehe 5 Aprili. Mawaziri walikuwa 11, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Gouri, wa miaka 37. Akakabidhiwa wizara ya mapato, ambayo katika utaratibu wa India ndiyo inayoshika mambo ya ardhi.

Hapa ndipo nakuomba usome polepole. Tarehe 11 Aprili, siku sita baada ya kiapo, serikali hiyo ilitoa amri ya dharura: mtu yeyote asifukuzwe kwenye ardhi anayolima au anayoishi. Kesi zote za kuwatoa watu zikasimama. Hakukuwa na hati iliyotolewa siku hiyo wala kipande kilichopimwa. Hakuna aliyekuwa tajiri kuliko jana yake. Ila usiku ule watu walilala wakijua kwamba kesho watakuwa pale pale.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu sheria kubwa ya ardhi huchukua miaka. Mswada unaandikwa, unapelekwa bungeni, unapelekwa kamati, unarudi. Mwenye shamba akisikia unakuja, hufanya nini? Huwatoa watu mapema, ili siku sheria ikifika asikutwe na mtu. Wanasiasa wengi niliowaona wakizungumzia ardhi hapa pwani huanza na ahadi ya hati. Gouri alianza na kuwalinda watu walipo, ndipo akakaa chini kuandika sheria. Kwangu mimi hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote katika maisha yake ya siasa, na wanaomwandika huwa wanalipita haraka.

Nina sababu yangu ya kuliona hivyo. Marehemu babangu alilima shamba la mtu huko kaskazini mwa Malindi. Sharti lilikuwa lile lile mlilolisikia kwa wazee wenu: lima mahindi, lima muhogo, usipande mti wa kudumu, usijenge kwa mawe. Mti wa kudumu ni dai. Babangu alipanda mikorosho mitatu nyuma ya nyumba. Ilipoanza kutoa maua, nyapara wa shamba alikuja asubuhi, akaketi juu ya kinu cha mama, akamwambia babangu aikate mwenyewe. Hakuikata nyapara. Babangu ndiye aliyeshika shoka, mti mmoja baada ya mwingine, utomvu ukimkaukia mikononi, na sisi watoto tukiangalia. Aliyefanya hivyo hakuvunja sheria yoyote ya wakati huo. Ndiyo maana nikisoma juu ya waziri aliyetumia wiki yake ya kwanza ofisini kumzuia mtu kama yule nyapara, siwezi kusoma kama habari za mbali.

Sasa sheria yenyewe. Mswada wa mahusiano ya ardhi uliwasilishwa Desemba 1957, ukapitishwa Juni 1959, na mwezi uliofuata serikali nzima ikaangushwa (hilo nalijibu chini, kuna mzee ameliuliza). Wakomunisti walirudi madarakani 1967 wakiwa na muungano wa vyama, na Gouri akarudi kwenye wizara ile ile. Oktoba 1969 bunge lilipitisha marekebisho makubwa ya sheria ya ardhi, na ingawa serikali yao ilianguka karibu wakati huo huo, serikali iliyofuata, ya waziri kiongozi C. Achutha Menon, ilianza kuyatekeleza tarehe 1 Januari 1970. Ukabaila wa wenye mashamba ukazikwa. Mkulima wa kukodi akawa mwenyewe. Kikomo cha ardhi kikawekwa, hata familia kubwa isivuke ekari 20.

Na wale waliokuwa na vibanda tu pembezoni mwa minazi ya watu, mfano wa kwenu, walipata haki ya kununua kwa bei ndogo kipande kilichozunguka kibanda: senti 10 kijijini, senti 5 mjini, senti 3 katika jiji. Senti ya ardhi ni sehemu moja ya mia ya ekari. Chukua ploti ya hamsini kwa mia tunayoijua sote. Senti 10 ni pungufu yake kidogo tu. Inakaa nyumba, choo, kisima, banda la kuku, na minazi minne au mitano ukiipanga vizuri. Hapo mtu hatajirika. Lakini hawezi tena kuambiwa na mwenye shamba kwamba asipomfanyia kazi kesho ahame, na mwanawe akitaka kwenda shule badala ya kuchunga ng'ombe wa bwana, anakwenda.

Umesema nisikufiche. Sheria ile haikuwafikia wote. Mashamba makubwa ya chai, mpira, kahawa na iliki hayakuwekewa kikomo. Watu wa tabaka la Dalit, waliohesabiwa wa chini kuliko wote, ambao walikuwa vibarua na si wakulima wa kukodi, wengi wao waliambulia vile vipande vya nyumba tu, bila shamba la kulima. Na Waadivasi, wenyeji wa milimani, walikuwa wameshanyang'anywa ardhi na walowezi waliopanda kutoka tambarare. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bunge la Kerala lilipoleta sheria iliyowapa walowezi nafuu na kupunguza haki ya Waadivasi kurejeshewa ardhi yao, vyama vyote vilikubaliana, wa serikali na wa upinzani. Mbunge mmoja tu ndiye aliyepinga. Alikuwa Gouri, akikaribia miaka 80.

Kuhusu uwaziri kiongozi. Katika kampeni za 1987 wafuasi wa mrengo wa kushoto waliimba barabarani kwamba katika nchi ya Kerala iliyojaa minazi, K. R. Gouri atatawala. Kura zikapatikana, mrengo ukashinda, na chama kikamchagua E. K. Nayanar. Gouri akapewa wizara ya viwanda. Sababu zinazotajwa ni nyingi: hulka yake ya kusema bila kuzunguka, mivutano ndani ya chama, tabaka lake, jinsia yake. Mimi naamini uanamke wake ulichangia pakubwa. Jimbo lile linasifiwa dunia nzima kwa elimu ya wasichana, na tangu 1956 halijapata waziri kiongozi mwanamke. Mnamo 1994 chama chake, alichokitumikia tangu ujana, kikamfukuza. Hakukaa kulia. Aliunda chama chake mwaka huo huo, akaingia katika muungano ulioongozwa na chama cha Congress, wale wale aliopigana nao tangu 1957, na kuanzia 2001 hadi 2006 alikuwa waziri wa kilimo. Wako wanaoiona sehemu hiyo kuwa doa. Mimi inanihuzunisha, lakini simlaumu. Chama kilichomtoa ndicho kilichokuwa na deni kwake. Mwaka 2006 alishindwa kiti chake cha Aroor na hakurudi tena bungeni.

Wewe ukishinda hutakuwa na uwezo wa kutunga sheria ya ardhi, maana hiyo ni kazi ya bunge la taifa, na ardhi ya umma iko chini ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Lakini upimaji na uchoraji wa ramani za ardhi ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Basi kabla hata ya kura, nenda nyumba kwa nyumba na daftari: nani anakaa wapi, tangu lini, alizika nani pale, alipanda mti gani mwaka gani, anamlipa nani ijara. Daftari hilo litakufaa ndani ya bunge la kaunti kuliko fulana elfu za kampeni. Ukikosa tiketi ya chama, Katiba inakuruhusu kusimama peke yako ukiungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi yako.

Swali: Asalaam aleikum Mwalimu. Kijana wangu amenisomea kwamba serikali ile ya Kerala ilichaguliwa na watu kisha Delhi wakaiondoa. Iliwezekanaje? Na je, Nairobi nao wanaweza kuiondoa kaunti yetu vivyo hivyo? (Mzee wa Mambrui)

Jibu: Waaleikum salaam mzee wangu. Iliwezekana kwa kifungu cha 356 cha Katiba ya India, kinachompa Rais uwezo wa kulitawala jimbo moja kwa moja ikionekana kwamba serikali ya jimbo haiwezi kuendeshwa kwa mujibu wa Katiba. Kerala walikuwa wameleta mambo mawili makubwa kwa pamoja, sheria ya ardhi na sheria ya elimu. Ile ya elimu iligusa shule za watu binafsi, ambazo nyingi zilikuwa za kanisa: nani anaajiri mwalimu, nani anamlipa. Kanisa Katoliki, chama cha tabaka la Nair, Muslim League na Congress wakaungana barabarani katika kile walichokiita harakati ya ukombozi. Polisi walifyatua risasi, watu wakafa, na vifo hivyo vikaitia doa serikali ambayo ilikuwa imejitangaza kuwa ya wanyonge. Sitetei risasi zile. Lakini tarehe 31 Julai 1959, wakati Nehru akiwa waziri mkuu na Indira Gandhi akiwa rais wa chama cha Congress, Delhi iliivunja serikali iliyokuwa bado na wabunge wengi nyuma yake, wiki chache tu baada ya sheria ya ardhi kupita. Nililiona kosa kubwa tangu nilipolisoma kwa mara ya kwanza, na bado naliona hivyo. Kifungu hicho kilitumiwa ovyo miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ya India ilipokiwekea mipaka katika hukumu ya kesi ya Bommai mwaka 1994.

Kwetu, kifungu cha 192 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu Rais kuisimamisha serikali ya kaunti, lakini njia yake ina vizuizi. Lazima kuwe na vita au machafuko ya ndani, au hali isiyo ya kawaida. Kwa hiyo hali isiyo ya kawaida, tume huru ichunguze kwanza, Rais aridhike na madai, na Seneti ikubali. Hata hivyo kusimamishwa hakuzidi siku 90, na Seneti inaweza kuisitisha hatua hiyo wakati wowote. Baada ya hapo wananchi wanapiga kura. Makueni walifika hatua ya tume, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja kaunti. Kwa hivyo uwezo upo mzee wangu, ila si wa kuamka asubuhi moja na kutia sahihi.

Swali: Mwalimu, ni kweli huyo Gouri na mumewe walitenganishwa na siasa? (Mama wawili, Lamu)

Jibu: Ni kweli, mama. Mumewe alikuwa T. V. Thomas, kiongozi wa wafanyakazi wa Alappuzha, waziri mwenzake katika baraza lile la 1957, na walioana mwaka huo huo. Chama cha Kikomunisti kilipogawanyika 1964, Gouri alikwenda na Wakomunisti wa Kimaksi, Thomas akabaki na chama cha zamani. Mwaka 1967 wote wawili walikuwa mawaziri tena katika serikali moja ya muungano, kila mmoja kwa chama chake, na ndoa ilikuwa imeshavunjika kwa hali halisi. Thomas alifariki 1977. Hawakupata mtoto. Mwanamke huyo aliendelea na kazi miaka thelathini zaidi, na nawaomba wanaopenda kumzungumzia kwa ndoa yake peke yake wakumbuke kwamba mumewe hazungumziwi hivyo.

Swali: Mwalimu, kuna mtu amekuja na mpimaji na makaratasi, anasema shamba letu karibu na Gongoni amelinunua, tuhame kwa wiki mbili. Tumekaa hapo tangu enzi za babu. Tufanye nini? (Familia ya Gongoni)

Jibu: Msihame, na msipigane. Sheria ya ardhi kama ilivyorekebishwa 2016 inamtaka mwenye ardhi ya kibinafsi atoe ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumtoa mtu, na aliyepewa ilani ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu kabla muda haujaisha. Wiki mbili za mdomo si ilani. Mkimwona tena mwombeni aandike, na mpige picha kila karatasi atakayoonyesha, hasa namba ya shamba. Mkishaipata namba hiyo, nendeni ofisi ya ardhi mkafanye utafutaji rasmi mjue jina lililosajiliwa ni la nani na tangu mwaka gani, maana kuna watu huuza wasichokuwa nacho.

Kama ardhi ni ya kibinafsi na iliyosajiliwa, na mmekaa waziwazi, bila kukatizwa na bila ruhusa ya mwenyewe kwa zaidi ya miaka 12, mnaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyopo hapa Malindi, iwatambue kuwa wenyewe. Kama ni ardhi ya serikali, njia hiyo haipo, na mtahitaji kwenda kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Na kama babu alikuwa akilipa ijara, mwambieni wakili tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliyelipa ijara alikaa kwa ruhusa, na mahakama itauliza. Kusanyeni stakabadhi zozote za zamani, kadi za kliniki za watoto zenye jina la kijiji, picha za makaburi na za miembe, na majina ya majirani wazee walio tayari kuapa. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla huyo bwana hajarudi na trekta.